Ngazi na Ndoo ya Rangi

Iwe uko Msamvu unasubiri basi la Dodoma, iwe uko Kihonda unafunga duka, au umekaa jikoni kule Kinole na redio imening'inia kwenye msumari, karibu tuketi.

Mchana, mawingu yakifunguka, ukiwa popote hapa mjini Morogoro unaiona minara iliyosimama kileleni Bondwa. Miti ya chuma, isiyozaa tunda lolote ila maneno. Jioni hii nataka kuzungumza juu ya maneno hayo, hasa yale yanayotoka kwa wanaotuongoza na kwa wale waliowekwa kuwasemea.

Nina jambo moja limenikaa rohoni miaka mingi. Tangu nikiwa kijana nasikia watu wenye elimu zao wakisema wananchi hudanganywa kwa sababu ni wajinga. Husemwa vijiweni, husemwa maofisini, na husemwa kwa sauti ya mtu aliyejiweka pembeni, kana kwamba yeye hawezi kudanganywa. Mimi siamini hivyo. Ninavyoona, anayedanganywa kwa urahisi kuliko wote ni mtu mwaminifu, mchapakazi, mwenye kukumbuka fadhila. Propaganda huingia kwenye wema wake kama dumuzi anavyoingia kwenye punje ya hindi. Kwa nje punje ni nzima, ukiivunja ndani ni unga.

Nianze na kitabu. Mwaka 1967 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa kitabu chembamba kiitwacho Shamba la Wanyama. Aliyekitia katika Kiswahili ni Mtanzania mwenzetu, Fortunatus Kawegere, kutoka katika hadithi ya Mwingereza George Orwell iliyotoka Agosti 1945. Orwell alikuwa akiwasema Warusi, mapinduzi yao ya 1917 na utawala wa Stalin uliofuata. Lakini fumbo likishavuka mpaka halina tena mwenyewe. Mwaka 1991 serikali ya Kenya ilipiga marufuku mchezo wa jukwaani uliotokana na hadithi hiyohiyo, na katika mchezo huo hakukuwa na Mrusi hata mmoja. Kila anayesikia habari za shamba lile hutazama zizi la kwao.

Kwa ambaye hajakisoma, kisa chenyewe ni hiki. Wanyama wa shamba moja wanamfukuza bwana wao mlevi, Jones. Wanaandika amri saba kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa ghala: wanyama wote ni sawa, asiwepo wa kulala kitandani, asiwepo wa kunywa pombe, asiwepo wa kumuua mwenzake, na kadhalika. Nguruwe wanashika uongozi kwa kuwa ndio waliojua kusoma na kuandika vizuri. Mkubwa wao anaitwa Napoleon, na Napoleon haongei sana. Anaye wa kumsemea, nguruwe mdogo mnene mwenye mashavu ya mviringo, anayerukaruka na kutikisa mkia akianza kueleza jambo. Huyo ndiye Squealer. Na yupo farasi, Boxer.

Wasomaji wengi humcheka farasi huyu. Ana nguvu za wawili, anaamka kabla ya wenzake, na kila mambo yakiwa magumu jibu lake ni kwamba atazidisha kazi. Herufi zilimshinda, aliishia nne za kwanza. Mwisho anauzwa kwa mchinjaji. Tunafunga kitabu tukisema, masikini, mjinga yule. Hebu tumtazame tena. Boxer anakumbuka njaa ya enzi za Jones. Anakumbuka mijeledi. Shukrani yake kwa mapinduzi ni ya kweli kabisa, kwa sababu mapinduzi yalimtoa kwenye mateso ya kweli. Na ni hapo hapo, kwenye kumbukumbu ile ya mateso, ndipo Squealer anapoweka mkono. Wanyama wanagundua kwamba maziwa na matofaa yanaliwa na nguruwe peke yao, wanaanza kunung'unika. Squealer hakani. Anawaambia nguruwe hawayapendi hata kidogo, wanayala kwa wajibu, maana kazi ya kufikiri ni nzito na inahitaji lishe, na nguruwe wakidhoofika, Jones atarudi. Je, yupo anayetaka Jones arudi? Hakuna. Basi, mjadala umekwisha.

Ninakuomba, msikilizaji, uyaangalie maneno hayo kwa makini, kwa sababu hayana uongo mkubwa ndani yake. Jones alikuwa mbaya, ni kweli. Hakuna aliyetaka arudi, ni kweli. Uongo umejificha katikati, pale yanaposhonwa maziwa na Jones kuwa kitu kimoja. Mahali petu Jones amekuwa na majina mengi: mkoloni, beberu, adui wa ndani, vurugu za nchi jirani. Yote yana ukweli wake. Ukoloni ulikuwepo na uliumiza. Vurugu za jirani tumezishuhudia, tumepokea wakimbizi wake. Kosa linaanza pale mtu anapouliza habari ya hesabu za zahanati akajibiwa habari ya amani.

Kuna hila nyingine ndogo katika kitabu, ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote. Chakula kinapopungua, Squealer hasemi kimepunguzwa. Anasema kimerekebishwa. Niliposoma hapo kwa mara ya kwanza nilisimama. Maana sisi wa umri wangu tulilelewa na neno hilo. Mwaka 1986 nchi yetu ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kilichofuata tulikiita marekebisho ya uchumi. Wapo waliopoteza kazi katika marekebisho. Baadaye likaja neno kuchangia. Mgonjwa aliyekuwa akitibiwa bure akaambiwa achangie, mzazi achangie. Kuchangia kwa Kiswahili chetu ni jambo la heri, ni la harusi na msiba, ni moyo wa mtu kumshika mwenzake mkono. Sasa ukimwita mgonjwa aliyedaiwa pesa dirishani kuwa ni mchangiaji, umemnyima hata neno la kulalamikia. Sibishani hapa kama sera ile ililazimika au haikulazimika, nchi ilikuwa imekwama kweli. Ninachosema ni kwamba mtu akitozwa, aambiwe ametozwa.

Turudi shambani, maana kuna kinu cha upepo. Wanyama wanakijenga kwa mawe waliyoyaburuta wenyewe mlimani, Boxer akiwa mbele. Dhoruba inakiangusha. Napoleon ananusa ardhi na kutangaza kwamba aliyekiangusha ni Snowball, nguruwe mwenzao aliyefukuzwa kwa mbwa. Tangu siku hiyo kila baya ni la Snowball. Ufunguo wa stoo unapopotea, shamba zima linaamini Snowball kautupa kisimani. Na Orwell anaongeza jambo dogo linaloniumiza kila nikilisoma. Ufunguo ulikuja kupatikana chini ya gunia la unga, na wanyama wakaendelea kuamini kwamba Snowball aliutupa kisimani.

Mji wetu nao umewahi kuwa na kinu. Wenye umri wanakumbuka kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliotolewa miaka ya 1970. Mpango ulikuwa kwamba kivishe nchi nzima, na robo tatu ya viatu viuzwe Ulaya. Kilikuja na mashine za kisasa. Kilikuja pia na kuta za aluminiamu zisizo na njia za kupitisha hewa, hapa Morogoro, ambako joto la Januari kila mtu analijua. Hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Sisemi waliokijenga walikuwa nguruwe. Wengi waliamini kwa dhati, na vijana wa mji huu waliokwenda kuomba kazi pale waliamini zaidi. Nauliza tu, miaka ile yote mashine zikiwa zimelala, mwananchi wa Morogoro alielezwa nini juu ya kiwanda chake, na nani alimweleza?

Miaka hiyohiyo nchi ilipata jina la kuelezea uhaba. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, ilianza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na sheria maalumu ikapitishwa. Hapa lazima niseme kwa uangalifu, kwa sababu Sokoine ni mtu ambaye mkoa huu una deni naye. Alifia hapa kwetu, Dakawa, kwa ajali ya gari, tarehe 12 Aprili 1984, na Chuo Kikuu cha Kilimo pale chini ya mlima kinabeba jina lake. Watu walimpenda kwa sababu aliishi alivyosema. Na walanguzi walikuwepo, hilo si hadithi. Sukari na sabuni zilifichwa na wenye tamaa wakati watoto wa wenzao wanaogea maji matupu.

Lakini rafu zilikuwa tupu kwa sababu nyingine pia, na zilikuwa nzito zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vilikula fedha za kigeni, na baada yake Mwalimu Nyerere alituomba tufunge mikanda kwa miezi 18, miezi ambayo wengi wetu tuliihesabu mpaka tukaacha kuhesabu. Mafuta yalipanda bei mwaka 1979. Viwanda vilikosa vipuri. Mkulima alilipwa bei ndogo na kwa kuchelewa, akaona bora apeleke mazao kwa njia za panya. Haya yote yalihitaji kuelezwa, na ni magumu kueleza. Mhujumu ni rahisi, ana sura na ana duka mtaa wa pili. Neno hilo liliendelea kutumika hata pale ufunguo ulipokuwa umekwisha kuonekana chini ya gunia.

Sasa nije kwenye ukuta wa ghala. Katika hadithi, nguruwe wanahamia nyumba ya Jones, wanalala vitandani. Wanyama wanakwenda kuangalia amri na kukuta imeandikwa kwamba haifai kulala kwenye kitanda chenye shuka. Wanajisemea kwamba labda shuka zilikuwepo tangu mwanzo, sisi tumesahau. Nguruwe wanakunywa pombe, ukutani pameongezwa neno: kupita kiasi. Wanaua, ukutani pameongezwa: bila sababu. Usiku mmoja unasikika kishindo. Wanyama wanatoka mbio, na kwenye mbalamwezi wanaikuta ngazi imevunjika vipande viwili chini ya ukuta, Squealer amelala kifudifudi kando yake, na hapo pana taa, brashi na ndoo ya rangi nyeupe imemwagika. Wote wanaona. Hakuna anayeelewa, isipokuwa punda Benjamin, na punda hasemi neno.

Kitabu hiki kilitoka kwa Kiswahili mwaka uleule ambao nchi yetu iliandika amri zake. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Ndani yake mlikuwa na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba, asiwe na hisa wala ukurugenzi katika kampuni ya kibepari. Lilisomwa redioni, likafundishwa shuleni, vijana wakatembea mamia ya kilomita kwa miguu kuliunga mkono, na Mwalimu mwenyewe akatembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Unaweza kulipenda au kulichukia Azimio lile, lakini huwezi kusema lilifichwa.

Februari 1991, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ilikutana Zanzibar na kuilegeza miiko ile. Mishahara miwili ikawa ruksa, nyumba za kupangisha ruksa, hisa ruksa. Nasi tukaelezwa kwamba Azimio la Arusha halikufutwa, limewekwa sawa na wakati. Hoja za kulegeza zilikuwepo, tena nyingine za haki kabisa: mshahara haukumtosha mtu kula, na waliokuwa wakiishika miiko walizeeka maskini huku waliokuwa wakiivunja kimyakimya wakineemeka. Kama hoja hizo zingeletwa uwanjani, zikasomwa neno kwa neno kama lile la kwanza, mimi leo nisingekuwa na la kusema. Lakini uamuzi huo, ulioitwa Azimio la Zanzibar, wengi wetu tuliufahamu kwa kusimuliwa. Nimekutana na watu wazima, wasomaji wa magazeti, wasiojua hata leo ni kitu gani hasa kiliamuliwa kule. Tulilala na ukuta mmoja tukaamka na mwingine, na wengi tukajisemea kama wale wanyama kwamba labda tumesahau sisi.

Hapa kuna jambo linalohusu mkoa wetu kwa karibu. Watoto wote wa Tanzania hufundishwa habari za Chifu Mangungo wa Msovero, huko Kilosa, aliyetia alama kwenye mkataba wa Carl Peters Novemba 1884 na kwa karatasi hiyo Mjerumani akadai amepewa nchi. Hadi leo mkataba mbaya ukisainiwa, utasikia watu wakisema huu ni mkataba wa Mangungo. Mimi jina hilo linanisononesha likitumika hivyo. Mangungo alipokea wageni kama mila inavyotaka, akazungumza nao kupitia mkalimani, na kilichozungumzwa na kilichoandikwa havikuwa kitu kimoja. Karatasi ilikuwa mikononi mwa aliyejua kusoma. Aliyefanya ulaghai ni Peters, lakini jina lililogeuka kuwa tusi ni la Mangungo. Tumemcheka mwenyeji wetu kama tunavyomcheka farasi, na kicheko hicho ndicho kinachomlinda tapeli.

Niseme kidogo juu ya sauti, maana hii ni redio. Mwaka 1963, akiwa Rais, Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini kiongozi wa nchi changa alitumia usiku wake kwa kazi ile, na kwa mchezo ule. Ndani yake mna somo zima la namna umati unavyogeuzwa. Brutus amemuua Kaizari, anawaeleza Warumi sababu, wanamshangilia. Anapanda jukwaani Antony, rafiki wa Kaizari. Anasema hakuja kumsifu marehemu. Anamwita Brutus mtu wa heshima, anarudia, anarudia tena, mpaka heshima inaanza kunuka. Anainua joho lenye matundu ya visu. Anawaonyesha wosia bila kuusoma, wanauomba wenyewe. Kila Mrumi ameachiwa drakma 75. Basi umati unakwenda kuchoma nyumba, na njiani unakutana na mshairi aitwaye Cinna. Hana hatia, lakini jina lake ni sawa na la mmoja wa wauaji. Wanamrarua kwa ajili ya jina.

Tukio linalofuata wasomaji wengi hulipita haraka. Antony ameketi na wenzake, mlango umefungwa, na anaagiza wosia uleule uletwe waone namna ya kupunguza kile walichoachiwa watu. Majivu ya nyumba bado yana moto.

Cinna wa kweli tumewahi kuwa nao wengi, hapa jirani. Agosti 1972 Idi Amin aliwaambia Waganda kwamba Waasia wamemkamua ng'ombe bila kumlisha, akawapa siku 90 waondoke. Rwanda, kituo cha redio cha RTLM kilianza kurusha matangazo Julai 1993, na watangazaji wake waliwaita binadamu wenzao mende. Desemba 2003, hapa kwetu Arusha, mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani watu watatu wa vyombo vya habari, wawili kati yao waasisi wa redio hiyo. Mwandishi wa ngano humpa mnyama ulimi wa mtu ili tujione. Mtangazaji wa namna ile humnyang'anya mtu utu wake ili tusimwone. Nasi tulikuwa na kupe wetu enzi za Azimio la Arusha, tukiimba juu ya wanyonyaji, na sikumbuki kama tuliwahi kusimama kuuliza wimbo ule ukiimbwa mbele ya duka la mtu fulani, watoto wake ndani walisikia nini.

Sasa nikupeleke mlimani, kwa sababu huko kuna kisa ambacho mimi naona Morogoro haijakisimulia vya kutosha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ilileta mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wazee wanaujua kwa neno moja: matuta. Serikali ilisema udongo wa mlima unakwisha, unateremshwa na mvua hadi mtoni, na mto ni Ruvu, ambao maji yake yanatakiwa Dar es Salaam. Hayo yalikuwa kweli. Udongo ulikuwa ukiteremka. Kwa hiyo kila mwenye shamba akaamriwa achimbe matuta ya ngazi kwenye mteremko, siku kadhaa kila wiki, na asiyechimba alipigwa faini. Amri zilipitia kwa machifu na watu wao, ili ionekane ni sauti ya wenyeji wenyewe. Mabwana shamba walipita wakieleza faida. Maneno yalikuwa mazuri, na yalikuwa mengi.

Waluguru walichimba. Kisha wakafanya jambo ambalo wanyama wa Orwell hawakulifanya: waliangalia mahindi. Mteremko wa Uluguru ni mkali na udongo wake mzuri ni tabaka jembamba juu. Ukichimba tuta la ngazi, ule mzuri unafukiwa chini na ule mwekundu usio na rutuba unakuja juu. Mahindi yalitoka ya njano, membamba. Mahali pengine tuta lililegea na mvua ikaondoka nalo lote. Halafu kulikuwa na suala la ukoo. Ardhi ya Uluguru inafuata upande wa mama, na wengi hulima shamba la ukoo mwingine kwa makubaliano. Mtu akichimba matuta ya kudumu kwenye ardhi ya wenzake, kesho nani atasema ni ya nani? Na je, serikali inayojishughulisha hivi na shamba langu, haina mpango wa kulichukua? Maswali hayo hayakujibiwa na bwana shamba yeyote.

Julai 1955, kule Matombo, umati ulikusanyika kuikataa kazi ile. Mawe yakarushwa. Polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Mwaka huohuo serikali iliacha kulazimisha matuta.

Maofisa waliandika kwamba ni ukaidi na uchochezi wa wanasiasa. Tena Snowball. Chama cha TANU kilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kuzaliwa kwake Julai 1954, na ni kweli watu wake walisikika milimani. Lakini tazama upande wa pili wa mlima uleule, Mgeta, ambako watu walilima mboga za kuuza mjini. Huko matuta yalishikwa na wakulima wenyewe, kwa sababu mboga zililipa jasho. Ukipanda Nyandira leo utayaona yamepangana kama ngazi hadi mawinguni. Ni kabila lilelile, mlima uleule. Tofauti ilikuwa kwenye kile kilichoota.

Nimefikiri sana juu ya wakulima wale wa Matombo. Wengi hawakujua kusoma. Hata mwaka 1967, miaka 12 baadaye, takriban theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua. Hawakuhitaji kusoma ukuta, kwa sababu kati yao na ukweli hakukuwa na mtu wa kusimama kuwafafanulia. Waliinama, wakashika jani la hindi. Kwenye kiwanda cha viatu haikuwezekana hivyo, uzio ulikuwepo. Kwenye kikao cha Zanzibar haikuwezekana, mlango ulikuwepo. Kadiri jambo linavyokwenda mbali na mikono yetu ndivyo tunavyomtegemea anayetusimulia, na ndivyo Squealer anavyopata kazi.

Nasi watu wa redio tumo katika hatari hiyo. Hofu yangu kubwa hata si kuwa Squealer. Ni kuwa punda. Benjamin alijua kusoma kama nguruwe yeyote. Alijua ngazi ile ilikuwa ya nini. Alifungua kinywa siku gari la mchinjaji lilipokuja kumchukua rafiki yake Boxer, akawasomea wenzake maandishi ya ubavuni, na papo hapo gari likaondoka. Hata maandishi yale Squealer aliyapatia maelezo: gari limenunuliwa na daktari wa mifugo, ila hajawahi kulipaka rangi upya. Wakaamini, na walishukuru kuamini.

Redio hii hii ya nchi yetu iliwahi kufanya vingine. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni mbili walijikusanya katika vikundi, vijijini na mijini, wakasikiliza kipindi pamoja. Kipindi kikiisha, redio inazimwa, kijitabu kinafunguliwa, na wao wenyewe wanaanza: hapa kwetu mbu wanatoka wapi, choo kichimbwe wapi, nani kasema kisima kile ni salama. Wapo walioipinga redio palepale, kwa sababu kisima walikiona kwa macho yao na mtangazaji hakukiona.

Kwa hiyo ninalo ombi. Aliyekuwa kijana wa miaka 15 kule Matombo mwaka 1955, leo amepita 80. Wapo, nawajua wachache, na kila masika wanapungua. Kama ni babu yako, au bibi yako, keti naye wiki hii. Muulize tuta la kwao lilipita wapi, mahindi yalitoka rangi gani, bwana shamba alisema nini, na nani alikuwa wa kwanza kuweka jembe chini. Aandike mjukuu, kwa maneno ya mzee kama yanavyotoka, Kiluguru kiwe Kiluguru. Leteni hapa kituoni au mpeni dereva wa gari la Matombo linaloshuka sokoni asubuhi. Jumanne ijayo, saa hii hii, nitayasoma yote, na wazee wawili wanaokumbuka tofauti nitawasoma wote wawili.